Je, Tom Mboya aliwafunga wafanyakazi mikono? Jibu kwa mwakilishi wa wafanyakazi wa Thika

Swali: Mimi ni mwakilishi wa wafanyakazi katika kiwanda kimoja Thika. Kila Mei Mosi tunaambiwa kwamba Tom Mboya ndiye aliyevijenga vyama vya wafanyakazi Kenya. Wazee waliokuwa chamani zamani wana yao: wanasema alipoingia bungeni na kupewa uwaziri ndipo alipotufunga mikono, na ndiyo maana leo mgomo umekuwa mlolongo wa barua. Ukweli ni upi? Bungeni alimfanyia nini hasa mfanyakazi?

Jibu: Wazee wako hawajakosea, na wanaohutubia Mei Mosi hawajakosea pia. Kule kutambuliwa na mwajiri kunakokipa chama chako sauti kiwandani, na huo mlolongo wa barua unaokuchosha, ni watoto wa mama mmoja. Mama huyo ni mkataba wa uhusiano kazini uliotiwa saini tarehe 15 Oktoba 1962, Mboya akiwa Waziri wa Leba. Ila kuna mengine anayobebeshwa Mboya ambayo yalikuja baadaye kwa sheria nyingine na mikono mingine, na ukiyachanganya hutapata jibu. Kwa hiyo tuende kwa miaka.

Mboya alizaliwa 1930 Kilima Mbogo, si mbali na hapo ulipo, katika shamba la mkonge alikofanya kazi baba yake aliyetoka kisiwa cha Rusinga. Alisoma Mang'u, akafunzwa ukaguzi wa afya katika Jeanes School, Kabete, kisha akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Akiwa huko aligeuza jumuiya ya watumishi Waafrika, ambayo haikuwa na nguvu kubwa, ikawa chama kamili cha wafanyakazi wa serikali za mitaa. Mwishoni mwa 1953 alikuwa tayari katibu mkuu wa shirikisho la vyama lililokuja kuitwa Kenya Federation of Labour, yaani KFL. Umri wake ulikuwa miaka 23.

Angalia mwaka huo. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952. Viongozi wa kizazi kilichomtangulia walikuwa wameshaondolewa njiani: Chege Kibachia, aliyeongoza shirikisho lililotokana na mgomo mkuu wa Mombasa wa 1947, alihamishiwa Baringo, Makhan Singh alizuiliwa tangu 1950 hadi 1961, Fred Kubai alihukumiwa Kapenguria pamoja na Kenyatta. Hao walikuwa watu wa mgomo wa kisiasa: funga mji, dai kila kitu kwa pamoja. Wazee wanaomlaumu Mboya mara nyingi wanampima kwa kipimo cha watu hao. Si kipimo kibaya, lakini kinasahau kwamba kufikia 1953 njia hiyo ilikuwa imefungwa kwa bunduki na kizuizi. Aprili 1954, katika msako wa Nairobi uliopewa jina la Anvil, maelfu ya wafanyakazi walikamatwa, wakiwamo viongozi wa vyama. Shirikisho lilinusurika kwa sababu lilikuwa na sajili halali, lilizungumza mshahara na nyumba, na lilikuwa na marafiki ng'ambo.

Namna yake ya kazi ilionekana Mombasa, Machi 1955. Makuli wa bandarini waligoma bila kufuata utaratibu wowote, na hawakuwa na chama chenye nguvu ya kuwasemea. Mboya alikwenda, akawashawishi warudi kazini kwa sharti kwamba dai lao lipelekwe kwenye baraza la usuluhishi, kisha akasimama mbele ya baraza hilo na takwimu za gharama ya maisha: kodi ya chumba, unga, nauli. Mshahara ulipanda kwa takriban asilimia 33. Kumbuka mpangilio huo: rudini kazini kwanza, karatasi mezani, halafu mwamuzi. Miaka saba baadaye mpangilio huohuo aliufanya kuwa mkataba wa taifa zima. Anayedhani uwaziri ndio uliombadilisha Mboya hakuitazama Mombasa.

Sasa tuje kwenye bunge, au Baraza la Kutunga Sheria kama lilivyoitwa wakati huo. Kwa nini kiongozi wa vyama alilitaka? Kwa sababu ya shimo lililokuwa katika sheria. Chini ya hali ya hatari vyama vya siasa vya kitaifa vya Waafrika vilipigwa marufuku, na tangu 1955 viliruhusiwa vya ngazi ya wilaya tu. KFL ikabaki ndicho chombo pekee cha Kiafrika chenye sura ya kitaifa, ikajikuta inasemea ardhi, vitambulisho vya kipande walivyolazimishwa Waafrika, na watu waliohamishwa kwa nguvu. Mapema 1956 serikali ya kikoloni ikatishia kuifutia usajili kwa kosa la kufanya siasa. Sir Vincent Tewson wa shirikisho la vyama la Uingereza, TUC, alikuja Nairobi kusuluhisha, na KFL ikaokoka kwa kukubali kubaki kwenye mambo ya kazi. Basi kama shirikisho halina ruhusa ya kusema siasa, mwenye kusema inabidi awe na kiti mahali ambapo siasa ni halali. Mbunge ana kinga kwa maneno anayoyasema ndani ya baraza. Katibu wa chama hana.

Uchaguzi wa Machi 1957 ulikuwa wa kwanza kwa Waafrika kuwachagua wajumbe wao moja kwa moja. Viti vilikuwa 8 kwa nchi nzima. Haki ya kura ilipimwa kwa elimu, mapato, mali na utumishi, na mtu mmoja aliweza kuwa na kura hadi 3. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitakiwa kwanza wawe na cheti cha utiifu kwa serikali, kwa hiyo Wakikuyu wengi wa Nairobi walibaki nje ya uchaguzi huo. Mboya alimshinda wakili Argwings-Kodhek kwa tofauti ya kura zisizofika 400. Walioingia pamoja naye walikuwa Oginga Odinga, Ronald Ngala, Daniel arap Moi, Masinde Muliro, Lawrence Oguda, Bernard Mate na James Muimi. Ukiyatazama majina hayo, utaona ugomvi wa Kenya wa miaka thelathini iliyofuata ukiwa umeketi benchi moja.

Walifanya jambo ambalo mjumbe wa chama cha wafanyakazi analielewa upesi: waligoma ndani ya baraza. Walikataa nafasi za uwaziri walizotengewa, Odinga akiwa mwenyekiti wa kundi lao na Mboya katibu, hadi Katiba ibadilishwe. Kufikia mwisho wa 1957 Waziri wa Makoloni, Lennox-Boyd, aliongeza viti 6, Waafrika wakawa 14 sawa na Wazungu wa kuchaguliwa. Lakini aliongeza pia viti 12 maalumu vya kuchaguliwa na baraza lenyewe, na Wazungu ndio waliokuwa na uwezo wa kuamua nani apite. Wajumbe Waafrika wakatoa tamko wakiwaita Waafrika waliojitokeza kugombea viti hivyo vibaraka na wasaliti. Mwaka 1958 baadhi yao, Mboya akiwamo, walishtakiwa kwa kashfa na kula njama, wakatozwa faini ya pauni 75 kila mmoja. Unaona hapo kinga ya mbunge inakoishia: tamko lilichapishwa nje ya baraza. Lingesomwa ndani, kesi isingekuwapo.

Kwa mfanyakazi wa kawaida, miaka hiyo ya baraza haikuleta sheria moja unayoweza kuionyesha kwa kidole. Wajumbe 14 hawapitishi mswada. Kilichopatikana ni cha aina nyingine: waziri wa kikoloni alilazimika kusimama na kujibu maswali juu ya mishahara na kukamatwa kwa watu, na majibu yakaingia katika kumbukumbu rasmi za baraza, ambako magazeti ya London na wabunge wa Labour kule Westminster waliweza kuyachukua. Ukitaka kuufahamu uwezo wa Mboya, kasome kumbukumbu hizo kuliko hotuba zake za viwanjani. Hotuba za viwanjani zilikuwa na moto, lakini katika kumbukumbu unamwona akimbana mtu kwa swali la nyongeza.

Muda wote huo aliendelea kuwa katibu mkuu wa KFL, na hapa wakosoaji wake wana hoja nzito kuliko ile ya mlolongo wa barua. KFL haikuishi kwa ada za wanachama. Vyama vilivyokuwa chini yake vilikusanya ada kwa mkono, mwisho wa mwezi, mlangoni mwa kiwanda, na wengi hawakulipa. Fedha zilitoka ng'ambo, hasa kwa shirikisho la kimataifa la ICFTU na vyama vya Marekani. Mwaka 1956 shirikisho la AFL-CIO lilitoa dola 35,000 za kujengea makao makuu Nairobi, lile jengo la Solidarity ambalo hadi leo ni la COTU, shirikisho la vyama lililokuja baada ya KFL. Mwenye kumlipia katibu mafuta ya gari ana sauti katika safari zake. Wapinzani wake walilisema hilo wazi, na walipojitenga na KFL baadaye walitafuta fedha upande wa pili wa Vita Baridi. Mfanyakazi akajikuta na mashirikisho mawili yanayogombana kwa pesa zisizo zake.

Februari 1961 alishinda Nairobi Mashariki kwa zaidi ya kura 30,000, mpinzani wake Dakta Munyua Waiyaki akipata chini ya 3,000. Wengi wa waliompa kura hawakuwa Waluo. Aprili 1962, vyama vya KANU na KADU vilipounda serikali ya mseto, Mboya akawa Waziri wa Leba. Na hapa ndipo swali lako lilipo hasa.

Alikuta migomo kila kona. Uhuru ulikuwa unanukia, vyama vilikuwa vingi na changa, waajiri wengi walikataa kuvitambua, na vyama viwili viligombea wanachama walewale ndani ya kiwanda kimoja. Mgomo mwingi haukuwa wa mshahara hata kidogo, ulikuwa wa kulazimisha chama kitambuliwe. Mboya aliwaketisha watu watatu: serikali, shirikisho la waajiri FKE, na KFL iliyokuwa yake mpaka jana. Mkataba wa Oktoba 1962 ulikuwa ubadilishanaji, nao ulikwenda hivi.

Mwajiri alikubali kukitambua chama chenye wafanyakazi wengi katika sekta yake, kutomwonea mtu kwa sababu ya uanachama, na kuingia katika mkataba wa kutambuana wenye mwakilishi wa wafanyakazi ndani ya kiwanda. Hicho cheo chako kina mizizi hapo. Alikubali pia kwamba watu wakipunguzwa, muda wa utumishi uzingatiwe, aliyeingia mwisho awe wa kwanza kutazamwa. Chama nacho kilikubali kutogoma kabla hatua zote hazijamalizika, kutotisha wasio wanachama, na kukaa ndani ya mipaka ya sekta yake: wa mashamba kwa mashamba, wa viwanda vya nguo kwa nguo. Hatua zenyewe ni hizi unazozijua: lalamiko kwa msimamizi, kisha wakuu wa kampuni na mwakilishi, kisha kamati ya pamoja ya waajiri na vyama, kisha msuluhishi wa Wizara, na mwisho mwamuzi.

Mkataba huo haukuwa sheria. Ulikuwa ahadi ya hiari, na ahadi ya hiari huvunjwa na mwenye haraka. Kwa hiyo ukafuatwa na meno: sheria ya mizozo ya kazi ya 1964, iliyounda Mahakama ya Viwanda chini ya jaji Saeed Cockar, na ile ya 1965 iliyosema mzozo sharti uripotiwe kwa Waziri na zipite siku 21 kabla mgomo haujawa halali. Iliharamisha pia mgomo wa kuunga mkono wenzenu wa kampuni nyingine, na ikampa Waziri uwezo wa kutangaza mgomo kuwa haramu. Mboya hakuwa tena Waziri wa Leba wakati huo. Alikuwa Waziri wa Sheria na Mambo ya Katiba tangu Juni 1963, na wa Mipango ya Uchumi tangu Desemba 1964. Lakini alikuwa ndani ya baraza la mawaziri na aliitetea njia hiyo kwa moyo wote: mtaji wa kigeni hauji penye migomo, alisema, na asiye na kazi kabisa ana haki kuliko mwenye kazi anayetaka nyongeza. Hoja hiyo inauma kwa sababu haina jibu rahisi.

Ilijaribiwa mwaka 1964. Serikali ikakubali kuongeza ajira kwa asilimia 15, waajiri binafsi asilimia 10, na vyama vikakubali kutodai nyongeza wala kugoma kwa mwaka mmoja. Watu zaidi ya 200,000 walijiandikisha wakitafuta kazi. Waliopata ni sehemu ndogo tu, na tangazo lenyewe liliwavuta wengine kutoka mashambani kuja mjini, hata foleni ikawa ndefu kuliko mwanzo. Waajiri wengi waliongeza vibarua, kisha wakaacha kujaza nafasi za waliotoka. Vyama vilitimiza upande wao kwa sababu upande wao ulipimika: ama umegoma ama hukugoma. Ajira ilikuwa rahisi kuifanyia hila. Kama utawahi kuketi kujadili makubaliano ya pande tatu, hilo ndilo la kuandika mapema: idadi ya majina katika orodha ya mishahara mwanzoni na mwishoni, si asilimia ya maneno.

COTU ni hadithi nyingine. Mwaka 1965 KFL na shirikisho lililojitenga, Kenya African Workers Congress, yalipigana Mombasa na watu wakafa. Serikali ikayavunja yote mawili, ikaunda COTU, na ikaweka sharti kwamba katibu mkuu atateuliwa na Rais kutoka majina matatu yatakayopendekezwa na vyama. Wa kwanza alikuwa Clement Lubembe, mtu wa Mboya. Ndipo ukusanyaji wa ada ulipogeuka pia kuwa makato ya mshahara. Wazo lake ni zuri: mwajiri anakata mshahara na kupeleka kwa chama, hakuna tena kudai ada getini. Lakini amri ya kukata hutolewa na Waziri, na anayeweza kuitoa anaweza kuitishia. Katibu asiyehitaji kuja getini kuchukua shilingi yako hana haraka ya kuja kukusikiliza. Hapo ndipo wazee wako wana haki kamili, na Mboya hawezi kuepa lawama, maana mashine hiyo ilijengwa na watu wake na alifaidika nayo dhidi ya wapinzani wake chamani. Linganisha na Tanganyika, ambako Rashidi Kawawa alitoka ukatibu mkuu wa TFL, shirikisho la vyama la huko, akawa Waziri Mkuu, na mwaka 1964 vyama vyote vikamezwa na NUTA moja, katibu mkuu wake akiwa Michael Kamaliza ambaye papo hapo alikuwa Waziri wa Kazi. Kenya haikufika huko. Vyama vya sekta vilibaki na mikataba yao na mahakama yao.

Yaliyobaki katika ubunge wake nayapitia upesi, kwa sababu hayahusu sana swali lako. Mwaka 1965 aliupitisha bungeni Waraka Nambari 10 juu ya ujamaa wa Kiafrika, ambao ukiusoma kwa makini ni mpango wa kukaribisha mtaji. Mwaka 1966 alipanga mkutano wa KANU wa Limuru uliomng'oa Odinga. Katiba ikarekebishwa kwa haraka ili mbunge anayehama chama arudi kwa wapiga kura. KPU, chama kipya cha Odinga, ikatetea viti 29 ikarudi na 9. Agosti mwaka huo Ochola Mak'Anyengo, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa mafuta aliyekuwa upande wa Odinga, aliwekwa kizuizini bila kesi chini ya sheria ya usalama iliyopitishwa na serikali ambayo Mboya alikuwa nguzo yake. Mwaka 1968 kundi lililomwogopa ndani ya serikali lilitaka Katiba iseme Rais awe na miaka 40 kwenda juu. Yeye alikuwa na 37. Wabunge wa viti vya nyuma walikataa, ikawa 35. Jumamosi tarehe 5 Julai 1969 alipigwa risasi akitoka duka la dawa Government Road, leo Moi Avenue. Nahashon Njenga Njoroge alihukumiwa kwa mauaji hayo na kunyongwa mwaka huohuo.

Kuhusu mlolongo wako wa barua, siku 21 za 1965 hazipo tena. Sheria ya Uhusiano wa Leba ya 2007 inampa msuluhishi siku 30, na akishindwa, notisi ya mgomo ni siku 7 kwa maandishi, kwa mwajiri na kwa Waziri. Migomo mingine inayoharamishwa leo huanguka kwa makosa ya karatasi: notisi imesainiwa na mtu asiyeidhinishwa na chama, au haina uthibitisho wa kupokelewa, au imetumwa kabla ya cheti cha msuluhishi kwamba mzozo haukutatuliwa. Kutambuliwa bado kunahitaji zaidi ya nusu ya wafanyakazi mnaostahili kuwa wanachama, na mwajiri anatakiwa aanze kukata ada ndani ya siku 30 baada ya kupewa fomu. Muombe katibu wa tawi nakala ya mkataba wenu wa kutambuana, ufungue sehemu ya utatuzi wa malalamiko, uhesabu hatua zake. Zikizidi hatua nilizoorodhesha hapo juu, basi ziliongezwa na waajiri wenu na chama chenu katika majadiliano ya baadaye, na hizo mnaweza kudai ziondolewe mkataba ukija kujadiliwa upya.